Mpangilio wa ukurasa (katika tovuti ya chuo)

Mpangilio (wingi: mipangilio) ni nomino ya ngeli ya U-I itokanayo na kitenzi *pangilia*, ambacho nacho chatokana na *panga*. Katika uwanja wa tovuti, ni namna vipengele vya ukurasa, yaani kichwa, menyu, matini, picha na viungo, vinavyokaa kwenye skrini.

Maneno jirani. *Muundo* ni jinsi kurasa zote za tovuti zinavyogawanywa na kuunganishwa. *Kiolezo* ni ukurasa wa mfano ambao kurasa nyingine hunakiliwa kwao. Tofauti hii ina uzito wake. Kamati ya chuo ikiagiza “muundo mpya” ilhali inahitaji mpangilio mpya, yaweza kuletewa tovuti ambayo anwani za kurasa zote zimebadilika, na viungo vilivyokwisha kuchapishwa katika fomu na mabango visifunguke tena.

Kuchagua mpangilio. Kigezo cha kwanza ni kile anachokitafuta msomaji. Ukurasa wa mwanzo huhudumia wengi, hivyo hufaa kugawanywa katika visanduku: mwombaji, mwanafunzi, mzazi, mtafiti. Ukurasa wa kozi hufaa safu moja, huku sifa za kujiunga, muda wa masomo na tarehe ya mwisho ya maombi vikitangulia maelezo marefu. Ada hufaa jedwali; habari hufaa orodha inayoanza na iliyo mpya. Aidha, mwongozo wa WCAG 2.1, uliotolewa na W3C mwaka 2018, unataka maudhui ya kawaida yasomeke katika upana wa pikseli 320 bila msomaji kulazimika kusogeza ukurasa kwenda juu na chini na pia kulia na kushoto. Jedwali pana huruhusiwa kuvuka mpaka huo, lakini aya haziruhusiwi.

Urefu wa maneno. Violezo vingi hubuniwa kwa lugha zenye vibandiko vifupi. “Matokeo ya Mitihani” au “Huduma kwa Wanafunzi” katika menyu ya mlalo huweza kukatika au kushuka mstari wa pili. Chagua menyu ya wima, au fupisha pale ambapo maana haipotei: “Matokeo” yatosha.

Tahadhari. Ufupisho usifute tofauti za maana:

- *Udahili* ni kukubaliwa kujiunga na chuo. *Usajili* ni kuandikishwa kwa aliyekwisha kukubaliwa. Viungo hivi viwili vikiwekwa chini ya kibandiko kimoja, “Usajili”, mwombaji aweza kudhani kwamba ukurasa huo haumhusu hadi tarehe ya maombi impite.
- *Programu* peke yake hueleweka pia kuwa programu ya kompyuta. Andika “Programu za Masomo” au “Kozi”.
- *Mipangilio* peke yake, kwa watumiaji wa simu, ni mahali pa kurekebisha lugha, sauti na mwangaza. Ukikusudia sura ya kurasa, andika “mipangilio ya kurasa”.

Upatanisho. Kitenzi hufuata *mpangilio*, si *ukurasa*. Kosa hujitokeza zaidi katika wingi.

*Sahihi:* Mipangilio ya kurasa imebadilishwa.
*Si sahihi:* Mipangilio ya kurasa zimebadilishwa.

Tazama pia: kiolezo, muundo, udahili, usajili.