Mkono juu ya utosi: tiba ya fuvu ilitoka wapi, na inamfaa nani?

Juma lililopita mama mmoja wa komini yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, alitupigia simu redioni baada ya kipindi cha afya. Mtoto wake wa miezi miwili analia sana kila magharibi. Shangazi yake anayeishi Ubelgiji amemwambia kwamba huko Ulaya kuna watu wanaoshika kichwa cha mtoto polepole kwa vidole, na mtoto anatulia. Jina la tiba hiyo kwa Kifaransa lina neno linalofanana na "takatifu" ndani yake. Basi mama akauliza: "Hayo ni maombi, ao ni dawa?"

Studioni tulicheka kidogo, lakini swali lake ni zuri. Siku hiyo sikuwa na jibu la kutosha. Nimesoma, nimeuliza wanganga na watu wanaonyoosha viungo hospitalini, na leo namjibu yeye pamoja na wengine wenye swali kama lake.

Jina lenyewe ni kraniosakrali. Kranio ni fuvu la kichwa. Sakramu ni ule mfupa wa chini ya mgongo, juu kidogo ya mkia. Warumi wa zamani waliuita mfupa mtakatifu, na jina likabaki hivyo mpaka leo. Kwa hiyo si maombi. Ni tiba ya mikono, haina sindano wala kidonge. Mgonjwa analala chali akiwa amevaa nguo zake, na mtoaji tiba anaweka mikono chini ya kichwa ao chini ya mgongo wake, kwa uzito mdogo sana. Walimu wa tiba hiyo wanasema gramu 5, yaani uzito wa sarafu moja. Kikao kinaweza kufika saa nzima.

Lakini sisi wa Lubumbashi hatukungoja Ulaya ili kuweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

Kambo yangu alizaa watoto wake wa kwanza katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, wakati mji huu ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1906, na kuanzia miaka ya 1920 iliona faida ya kumwacha mfanyakazi akae na bibi yake na watoto wake, kuliko kuleta watu wapya kila mara kutoka mbali. Kwa sababu hiyo kambi zikapata nyumba za kuzalia, na wamama wakaitwa kupima uzito wa watoto. Kambo alikuwa akienda kwenye mizani asubuhi. Jioni, nyumbani, alifanya kipimo chake mwenyewe: anaweka kiganja juu ya utosi wa mtoto na kunyamaza.

Utosi ni ile sehemu laini juu ya kichwa, ambapo mifupa haijakutana. Kwa watoto wengi unafunga kati ya miezi 12 na 18. Ukiweka mkono pale unasikia mapigo. Mtoto akiwa mzima, utosi unakuwa karibu sawa na mifupa ya pembeni. Ukizama ndani kama kibakuli, wamama wa hapa wanasema mtoto ana lukunga. Kambo aliogopa lukunga kuliko homa. Dawa yake ilikuwa miti iliyosagwa, inapakwa juu ya utosi, pamoja na kidole gumba kinachosukuma kaakaa ndani ya kinywa ili utosi urudi juu.

Sasa twende Marekani, maana historia ya tiba ya fuvu ilianzia kule, na ilianza pia na watoto.

Mwaka 1864 munganga mmoja anayeitwa Andrew Taylor Still alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za wakati ule hazikuwasaidia. Kwa uchungu ule alianza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1874 akatangaza elimu yake aliyoiita osteopathia: kwamba mifupa ikikaa vizuri, damu inapita vizuri, na mwili unajiponya. Mwaka 1892 alifungua shule yake katika mji mdogo wa Kirksville, jimbo la Missouri.

Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, William Garner Sutherland, alisimama mbele ya fuvu lililokuwa limetenganishwa mfupa kwa mfupa. Akaona kwamba kingo za mifupa ya pembeni zimechongwa kwa mteremko, kama matamvua ya samaki. Akawaza: ikiwa zimechongwa hivyo, basi zinatembea, na fuvu linapumua. Wazo hilo halikumwacha. Alijifunga kichwa chake mwenyewe kwa mikanda ili aone kitatokea nini. Mwaka 1939 akatoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo.

Wa tatu ni John Upledger. Karibu mwaka 1970 alikuwa akisaidia katika upasuaji wa shingo. Kazi yake ilikuwa kushika ngozi nyembamba inayofunika uti wa mgongo ili isitikisike, lakini ilipanda na kushuka, hata yeye akashindwa kuituliza. Baadaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha jimbo la Michigan, na ni yeye aliyeipa tiba hii jina la kraniosakrali. Mwaka 1985 alifungua taasisi yake Florida. Sutherland alikuwa akiwafundisha wanganga, lakini Upledger alifundisha hata watu wasiosomea uganga. Ndiyo maana tiba ilienea haraka mpaka Ulaya, na mpaka kwa shangazi wa yule mama.

Je, waliyoyaona yalikuwa kweli? Sehemu moja, ndiyo. Kingo za mifupa zina mteremko kweli. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yanatembea kweli, kwa kufuata moyo na pumzi. Shida iko katika hatua inayofuata. Wao walisema kwamba maji hayo yana mwendo wake wa pekee, kwamba mwendo huo unatembeza mifupa ya fuvu la mtu mzima, na kwamba mkono uliofundishwa unaweza kuusikia na kuurekebisha.

Hilo lilipimwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio jepesi: watoaji tiba 3 walihesabu mwendo huo kwa watu 12 wale wale. Hesabu zao hazikulingana. Fikiria wauguzi watatu wanapima homa ya mtoto mmoja, kila mmoja anatoka na namba yake. Ungesema kipimo kimeharibika. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walifuata wagonjwa 54 wenye maumivu ya shingo ya muda mrefu, na waliopata tiba hii walisema wamepata nafuu kuliko wale walioguswa tu bila ufundi. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Hispania walikusanya majaribio mengi pamoja, na hawakuona faida ya kweli kwa magonjwa waliyoyachunguza.

Juu ya fuvu la mtu mzima, kuna mashahidi wengine, na wao ni Waafrika wenzetu. Huko magharibi mwa nchi ya Kenya (nchi, si komini yetu) Wagusii wamekuwa kwa muda mrefu na mafundi wa kupasua kichwa, wanaoitwa ababari. Mtu aliyepigwa kichwani na kubaki na maumivu yasiyokwisha alienda kwao. Fundi alifungua ngozi na kukwangua mfupa polepole kwa chuma, bila kugusa ubongo. Wagonjwa wengi waliishi. Edward Margetts, munganga wa magonjwa ya akili aliyeongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi katika miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandikia. Simwambii mtu aende kupasuliwa hivyo. Nasema tu kwamba wale mafundi walilijua fuvu kwa mikono yao, nao hawakuenda kulisukuma kwa uzito wa sarafu. Kwa mtu mzima maungio yale yameshikana kama meno ya msumeno.

Basi inamfaa nani? Kwa maoni yangu, baada ya kuuliza na kusoma: mtu mzima aliyekwisha kuonwa na munganga, ambaye ugonjwa wake unajulikana, ambaye haachi dawa zake, na anayetafuta kupumzika kwa sababu ya mawazo mengi, kukosa usingizi ao shingo kukaza. Kulala saa nzima kimya huku mtu anakushika kwa upole ni jambo zuri. Katika mji huu wa kelele za pikipiki na jenereta, si kidogo. Lakini alipe akijua anacholipia, na asiuze godoro kwa ajili yake.

Haimfai nani? Aliyeanguka ao kupigwa kichwani siku za karibuni. Aliyevunjika fuvu. Mwenye damu iliyovuja kichwani ao mshipa uliovimba. Mwenye maumivu ya kichwa yaliyoanza ghafula na kwa nguvu, ao kichwa pamoja na homa na shingo ngumu. Hata walimu wa tiba hiyo wanakubali kwamba kuna watu wasioguswa. Wote hao njia yao ni hospitali.

Na mtoto mchanga? Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mwaka 2009 jarida la wanganga wa Uholanzi liliandika juu ya mtoto wa miezi mitatu aliyekufa baada ya mtoaji tiba wa namna hii kumkunja shingo na mgongo. Ni jambo lisilotokea mara nyingi, na kugusa kwa gramu 5 si kukunja shingo. Lakini mtoto hawezi kusema "inaniuma".

Tena, kilio cha magharibi kina historia yake chenyewe. Kwa watoto wengi kinaanza majuma ya kwanza, kinapanda karibu na juma la sita, kisha kinapungua wakifika miezi mitatu ao minne. Mzazi akianza tiba yoyote juma la nane, ataona mtoto anatulia polepole, na atashukuru ile tiba. Siku zenyewe ndizo zilizomtuliza.

Sasa nirudi kwa kambo, kwa sababu nina deni.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 kipindupindu kilishika Lubumbashi na Likasi. Mtoto wa yaya yangu alikuwa na miezi saba. Alianza kuhara usiku. Asubuhi kambo aliweka kiganja chake, akasema: "Utosi umeshuka." Alikuwa wa kwanza kuona, kabla yetu sote. Kisha akatuma mtu atafute miti. Siku hiyo ikapita, na usiku wake. Kesho yake jirani mmoja anayefanya kazi ya afya alipita, akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaona hairudi haraka, akatuamuru: "Bebeni, sasa hivi." Alitiwa serumu. Leo ni kijana, anacheza mpira na kunishinda kwa mbio. Katika avenyu yetu kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hakufika.

Kambo hakukosea kuona. Wanganga nao wanatazama utosi: ukizama, mwili umepungukiwa maji, ukivimba na kukaza wakati mtoto ametulia, kunaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, ile iliyomaliza watoto wa Still. Alikosea jibu tu. Utosi unashuka kwa sababu maji yametoka, na maji hayaingii kwa kupakwa juu ya kichwa, wala kwa kidole kinywani. Ni sawasawa na Sutherland: jicho lake liliona vizuri kingo za mfupa, kisha akajibu zaidi ya alichokiona.

Jibu la maji lilipatikana kwa wakimbizi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, serumu ilikwisha katika kambi ya Bangaon, India. Munganga Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya kunywa yenye sukari na chumvi. Waliokufa walishuka kutoka karibu 30 kwa 100 mpaka chini ya 4 kwa 100.

Basi mama yangu uliyepiga simu, jibu ni hili. Mtoto wako ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, hana homa? Mbebe, mtembeze, mwekee mkono wako mwenyewe juu ya kichwa. Hauombwi hata franka moja. Akihara, endelea kumnyonyesha na umpe maji ya mfuko wa ORS kutoka kituo cha afya. Ukikosa mfuko: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umpe kidogo kidogo ukiwa njiani kwenda hospitali. Utosi ukizama ao ukivimba, akikataa kunyonya, ao akiwa na homa katika umri huo, usingoje asubuhi.

Na kambo wakikuambia "utosi umeshuka", waamini. Kisha ubebe mtoto, na kambo aje naye.