Mali za TEHAMA: nini, iko wapi, iko kwa nani, mpaka lini

Ingia ofisi ya mtendaji wa kata yoyote pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Bunju upande wa Kinondoni au Chamazi upande wa Temeke, uitazame meza. Ubavuni ina namba iliyoandikwa kwa rangi: herufi za halmashauri, mkwaju, aina ya kifaa, mkwaju, tarakimu. Kiti kina namba yake na kabati lina yake. Kompyuta iliyo juu ya meza nayo inayo, siku hizi mara nyingi kwenye kibandiko. Mhakiki mali akija hufungua daftari, akatafuta mstari wenye namba hiyo, akajua kwamba kifaa hiki ni cha umma, kilinunuliwa mwaka fulani na kinatakiwa kuwemo chumba hiki. Sasa iwashe hiyo kompyuta. Ndani mna mfumo endeshi, programu ya kuandikia barua, programu ya kuzuia virusi, na njia ya kuingilia mifumo ya Serikali. Hivyo vyote vimegharamiwa na umma, na hakuna hata kimoja kinachopakika rangi.

Istilahi inayobeba vyote viwili, chenye namba ya rangi na kisichopakika rangi, ni usimamizi wa mali za TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano). Maana yake ni kazi ya kukijua na kukiongoza kila kifaa na kila programu ya taasisi, tangu ilipohitajika, ikanunuliwa, ikapokelewa, ikasajiliwa, ikagawiwa mtumiaji, ikatengenezwa, mpaka inapoondolewa kihalali. Ulimwenguni kazi hii ina kiwango chake cha kimataifa, ISO/IEC 19770, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2006. Kwetu Tanzania inaangukia chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao kuchukua nafasi ya Wakala ulioanza mwaka 2012.

Kwanza neno mali. Wapo wanaoandika “usimamizi wa rasilimali za TEHAMA”, na neno rasilimali halina kosa. Asili yake ya Kiarabu ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Ila katika ofisi zetu limeshabebeshwa mzigo mwingine. Tuna Afisa Rasilimali Watu, tuna rasilimali za maji na misitu, tuna rasilimali fedha. Anayesoma “rasilimali za TEHAMA” ana haki ya kudhani kwamba wataalamu wa kompyuta wamo, na bajeti yao imo. Mali haina utata huo. Mali ina mwenyewe, na anayeishika kwa niaba ya mwenyewe ana la kujibu. Ndiyo maana Serikali inasema mali za umma na mali za kudumu, ina kada ya Wahakiki Mali, na mfumo wake wa kielektroniki wa kazi hiyo, GAMIS, huitwa Mfumo wa Usimamizi wa Mali za Serikali. Wahenga nao walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, mali hizi ni za aina mbili, na hapa lugha ya ofisini imetuponza. Kamusi zinatupa maunzi kwa kila kinachoshikika: kompyuta, seva, printa, ruta, swichi, kishikwambi. Kwa kile kinachoyapa maunzi maagizo, wapo wanaosema maunzilaini, ila Tanzania programu ndiyo imeshika. Nachagua programu kwa sababu imo vinywani mwa watu wote, kuanzia mwanafunzi wa Mbagala hadi mhandisi wa Dodoma. Tatizo liko kwenye neno la tatu, vifaa. Hati za ununuzi husema vifaa vya TEHAMA, stoo ina leja ya vifaa, afisa ugavi hupokea vifaa. Programu haiji kwenye boksi, haipiti getini, haipimwi wala haihesabiwi stoo. Basi neno vifaa linapokuwa ndilo jina la daftari, nusu ya mali inabaki nje, na hiyo nusu ndiyo inayolipiwa tena kila mwaka.

Hilo la mashine na programu kwenda pamoja Tanzania ililijua mapema, tena kwa gharama. Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine nyingine zilifuata, na mfumo wa kuendeshea hesabu za Serikali kwa kompyuta ukaja kushindwa na kuleta hasara. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilikuwepo na zilihesabika, ila programu na watu wa kuziendesha havikuwa vimefikia kazi iliyotarajiwa. Nchi ilichelewa kwa miaka kadhaa, na somo lake lingali linatuhusu: mashine bila programu inayofaa na inayojulikana ni gharama iliyokaa mezani.

Mfano wa karibu zaidi, ambao kila Mtanzania aliuona mlangoni kwake, ni kishikwambi. Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na ndiyo iliyolieneza neno hili likawa la kila siku. Temeke peke yake ilihesabiwa watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, wakajaza majibu kwenye kioo, nayo yakatumwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vishikwambi viende kwa walimu.

Fuata kishikwambi kimoja katika safari hiyo. Kilinunuliwa kwa kazi ya takwimu, kikasajiliwa kwa namba yake ya kiwandani. Kikakabidhiwa karani, naye akaweka sahihi. Ndani kilikuwa na programu ya dodoso, ramani ya eneo la kuhesabia, na majibu ya kaya ambayo kwa Sheria ya Takwimu ni siri. Karani akakirudisha. Kabla hakijaenda shuleni, programu ya dodoso inapaswa kutoka, taarifa za kaya zifutwe kabisa, na programu za kufundishia ziingie. Kisha kinapata mwenyewe mpya katika daftari jipya, la shule na la halmashauri. Umbo lake ni lile lile, kioo ni kile kile, hata mkwaruzo wa pembeni ni ule ule. Kama maunzi, hakijabadilika. Kama mali ya TEHAMA, kimekuwa kitu kingine: kazi nyingine, mshikaji mwingine, programu nyingine, wajibu mwingine. Daftari linaloandika “kishikwambi, 1” halioni lolote kati ya hayo.

Hali kama hiyo hujitokeza mipaka ya utawala inapobadilika. Dar es Salaam iliishi na manispaa tatu kwa miaka mingi: Kinondoni, Ilala na Temeke. Katikati ya muongo uliopita Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Halmashauri inapogawanyika, meza hupakiwa kwenye lori ikapelekwa inakotakiwa. Seva yenye kumbukumbu za walipa ada wa kata zote haikatwi vipande viwili. Leseni iliyosajiliwa kwa jina la halmashauri mama haihami yenyewe kwenda kwa mtoto. Majina ya watumiaji waliohamishwa yanabaki yakifungua milango ya mfumo hadi mtu ayafunge kwa mkono. Mwenye orodha ya vifaa tu atagawanya vizuri viti na makabati. Mwenye orodha ya mali za TEHAMA ataweza kugawanya pia haki ya kutumia, data, na wajibu wa kulipa.

Tazama tena mashine ya POS mkononi mwa mkusanya ushuru sokoni. Kwa macho ni kifaa kidogo kinachochapa risiti. Kwa mali ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: mashine yenyewe, programu iliyo ndani, laini ya simu inayoiunganisha na mfumo wa mapato, na akaunti ya mtu aliyeruhusiwa kuitumia. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa zimerudia hoja ya mashine za POS zilizokaa muda mrefu nje ya mtandao. Mashine iliyozimwa ikawekwa kabatini ipo daftarini, imehesabiwa, haijaibiwa. Lakini fedha iliyokusanywa nayo kabla haijazimwa iko wapi? Swali hilo hujibiwa na anayejua vitu vyote vinne, na kwa kila kimoja anajua kiko kwa nani na kilitumika mara ya mwisho lini.

Hapa tunafika kwenye safu ambayo madaftari ya zamani hayakuwa nayo: mpaka lini. Meza haina tarehe ya kufa. Hutumika hadi mguu uvunjike, nao ukivunjika fundi ataupiga msumari. Programu ina tarehe, na tarehe hiyo hupangwa na mtengenezaji aliye mbali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Siku inayofuata kompyuta huwaka kama kawaida, na mtumiaji haoni tofauti. Kilichokoma ni viraka, yaani masahihisho yanayoziba matundu ambayo wahalifu huyatumia kuingilia.

Gharama ya kutojua ilionekana Uingereza tarehe 12 Mei 2017. Programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili na kudai fidia, ikaenea duniani kote kwa siku moja. Huduma ya afya ya England ilipigwa sana: kama theluthi moja ya taasisi zake za hospitali zilivurugwa, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Huwezi kukitia kiraka kwenye kompyuta ambayo hujui kama unayo, au unajua unayo lakini hujui inaendeshwa na nini. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa mtandao huanza kazi yao kwa orodha ya mali, kabla ya kununua kinga yoyote.

Mwisho wa maisha ya mali nao una sheria zake. Kompyuta chakavu ya umma haitupwi wala haiuzwi kwa utashi wa mtu. Hukaguliwa, hupatiwa kibali, kisha huondolewa kwa mnada au njia nyingine iliyoruhusiwa. Diski iliyo ndani inadai hatua ya ziada. Kufuta faili kwa kubofya huondoa jina kwenye orodha tu, na maandishi yenyewe hubaki kwenye diski hadi mengine yaandikwe juu yake au diski iharibiwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, majina, namba za simu na hali za afya za wananchi zilizomo humo zinalindwa kisheria hata kompyuta ikiwa haiwaki. Tangu mwaka 2021 zipo pia kanuni za taka za umeme na kielektroniki chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kwa kuwa risasi na zebaki zilizo ndani ya mashine hizi ni sumu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamejaa mitaa ya Temeke, na ni watu wanaofanya kazi ya halali. Wajibu wa kuitoa diski na kuisafisha ni wa ofisi, na unatimizwa kabla mzani wao haujafika mlangoni.

Kwa hiyo istilahi hii napendekeza ielezwe kwa maswali manne, ambayo mtumishi yeyote anaweza kuyashika bila kupita chuo cha kompyuta. Ni nini: maunzi gani, programu gani, toleo gani? Iko wapi: chumba gani, kata gani, au seva ipi? Iko kwa nani: nani ameisaini, nani ana neno la siri? Mpaka lini: dhamana inakwisha lini, leseni inakwisha lini, viraka vinakoma lini? Maswali matatu ya mwanzo Serikali imeyauliza tangu enzi za leja na kalamu ya wino. La nne ndilo linaloifanya mali ya TEHAMA iwe aina yake, na daftari lisilo na safu yake linasimamia samani tu.

Pa kuanzia ni karatasi ambayo kila ofisi inayo tayari: fomu ya makabidhiano. Mtendaji anapohama kata, huorodhesha meza, viti, mihuri na funguo. Ongeza chini yake mistari ya programu zilizomo kwenye kompyuta, tarehe ya leseni kwisha, akaunti alizokuwa akizitumia, na sahihi ya Afisa TEHAMA kuthibitisha kwamba akaunti hizo zimefungwa. Hatua hii haihitaji fedha mpya wala kibali kutoka Dodoma. Ikifanyika katika kata zote za Kinondoni na Temeke, maneno usimamizi wa mali za TEHAMA yatakuwa na maana moja kwa karani, kwa mkaguzi na kwa mwananchi ambaye mali hizo ni zake.