Mwalimu wa Pugu

Pugu ni jirani na Kisarawe. Huko, katika shule ya mapadre iliyoitwa wakati huo Mtakatifu Fransisko, alifundisha Julius Nyerere, Mkatoliki mwenye kushika ibada. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam, naye akawa rais wake. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, aliambiwa achague: ualimu au siasa. Alikuwa na mke na jamaa ya kulisha, na mshahara si kitu cha kudharauliwa. Sisi walimu twajua. Akajiuzulu. Wengine hunena kwamba alichagua nchi akaacha dini. Sivyo. Alirudi kwao, upande wa Musoma, akawafundisha mapadre lugha ya Kizanaki, na siasa akaendelea nayo.