Umbali na Muda wa Safari kati ya Zanzibar na Maskati: Kutoka Pepo za Msimu hadi Ndege

Umbali wa anga kati ya Zanzibar na Maskati ni takriban kilomita 3,900. Ndege iendayo moja kwa moja huumaliza kwa muda unaozidi kidogo saa tano. Historia ya miji hii inaonesha kwamba umbali haukubadilika, ilhali muda wa safari ulibadilika mara kadhaa, na mabadiliko hayo yaligusa hata namna watu walivyotawaliwa. Insha hii inajadili hoja hiyo kwa kurejelea mgawanyiko wa dola ya Busaidi baada ya mwaka 1856.

Kabla ya meli za mvuke, safari iliamuliwa na pepo za msimu. Majahazi yalitoka Oman kwa kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kurejea kwa kusi kuanzia Aprili. Kwa upepo mwema, safari ya kwenda ilichukua takriban mwezi mmoja. Hata hivyo, nahodha aliyetia nanga Unguja mwezi Januari alilazimika kusubiri upepo ugeuke ndipo arejee. Swali la msingi, basi, halikuwa safari huchukua siku ngapi, bali huwezekana lini. Barua na jibu lake ziliweza kuchukua sehemu kubwa ya mwaka.

Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake makuu, alitawala pande zote mbili kwa kusafiri baina yake. Mnamo Oktoba 1856 alifariki baharini karibu na Shelisheli, ndani ya merikebu Victoria, akitoka Maskati kurudi Unguja. Mwanawe Majid alishika madaraka Unguja, na Thuwaini akashika Maskati. Mwanzoni mwa mwaka 1859, katika msimu wa kaskazi, Thuwaini alituma merikebu za vita dhidi ya nduguye, lakini Waingereza walizizuia. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, uliitenganisha rasmi milki hiyo, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba pepo ndizo zilizoivunja dola. Said alitawala kwa miaka mingi chini ya pepo zizo hizo. Utajiri wa Unguja, ushindani wa warithi na maslahi ya Waingereza vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Muda wa safari unaeleza jambo jingine: kwa nini kila mwana aliweza kujiimarisha alipo kabla mwenzake hajamfikia.

Huduma ya meli za barua kupitia Aden, iliyoanza mwaka 1872, na waya wa simu uliofika Zanzibar mwaka 1879, vilipunguza utegemezi huo. Ndege imeuondoa kabisa. Hata hivyo, Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Januari 1964, aliishi Uingereza hadi mwaka 2020 ndipo akahamia Oman. Safari ya saa chache ilimchukua miaka 56. Kwa hiyo mtafiti anayepima umbali wa miji hii miwili hana budi kuuliza, pamoja na kilomita na saa, ni nani aliyeruhusiwa kusafiri.