Amplifaya ya Kuigiza na Sauti Iitwayo Safi

Gitaa linalonguruma huigizwa na kompyuta kwa urahisi. Mkwaruzo ukizidi hufunika mengi. Kosa dogo la hesabu humezwa humo humo na sikio halina pa kulishika. Kazi ipo kwenye gitaa lisilokwaruza, lile la sebene ya Kinshasa, la benga ya Nyanza na la dansi ya Dar es Salaam, ambamo kila uzi husikika unapoguswa, unapotetema na unapokufa. Wapigaji wanaoacha amplifaya ya vali na kuhamia programu ya kompyuta hurudi na malalamiko yanayofanana: sauti ni nyembamba, inachoma, haina mwili. Kisha hukesha wakizungusha trebo na besi. Naona sehemu ya tabu yao inaanzia kwenye majina mawili, la teknolojia yenyewe na la sauti wanayoitafuta.

Mwaka 1995 kampuni ya Roland ilitoa kifaa chake, VG-8. Mwaka uliofuata kampuni ya Line 6 ya California ikatoa AxSys 212, amplifaya iliyobeba kompyuta ndogo tumboni mahali pa vali, na mwaka 1998 ikaja POD yao, dude jekundu lenye umbo la harage lililoingia katika studio nyingi za nyumbani. Axe-Fx ya Fractal Audio ilifuata mwaka 2006. Wazo ni lile lile katika vyote hivi. Amplifaya ya Fender Twin Reverb ina uzito wa karibu kilo 30. Badala ya kuipandisha ngazi, unaandika hesabu zinazofanya kile ambacho saketi yake ingefanya, unapitisha humo umeme wa gitaa uliogeuzwa kuwa tarakimu, na upande wa pili inatoka sauti.

Tuuiteje ufundi huu? Njia ya mkato ni kusema "umodeli", lakini modeli kwa Mswahili wa mtaani ni toleo la gari au binti wa maonyesho ya mavazi. "Nakala" haifai kwa sababu nzito zaidi. Nakala ya sauti ya amplifaya tunayo tangu zamani, nayo ni rekodi, na rekodi haijali wewe unapigaje. "Uigaji" unakaribia, ila kuiga kuna harufu ya dharau katika lugha yetu, na yaliyomkuta aliyemwiga tembo kila mtu anayajua. Tena anayeiga hufuata jambo lililokwisha kutendeka. Mimi nachagua "uigizaji". Mwigizaji anayecheza mfalme jukwaani si lazima afanane naye sura. Kinachotakiwa ni kwamba akitukanwa akasirike kama mfalme, na akisifiwa avimbe kama mfalme, hata kwa tusi ambalo mfalme mwenyewe hakuwahi kulisikia. Amplifaya ya kuigiza hupimwa hivyo hivyo. Ukiugusa uzi kwa ncha ya kidole ijibu kwa upole, ukiuchapa ijibu kwa ukali, na ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe ibadilike rangi, kwa noti ambazo haijawahi kukutana nazo.

Ipo njia ya pili inayohitaji jina lake. Kemper, kifaa cha Ujerumani kilichotoka mwaka 2011, hakianzi na mchoro wa saketi. Hupeleka ishara za majaribio ndani ya amplifaya halisi, husikiliza kinachotoka, na huhifadhi tabia iliyoisikia. Programu ya Neural Amp Modeler, inayotolewa bure, hufanya kazi ya jinsi hiyo kwa mitandao ya neva: huifunza kompyuta kwa kuilinganishia kilichoingia na kilichotoka. Hapa Kiswahili kimejaliwa, maana tunacho kitenzi kunasa, tunacho na kinasa sauti. "Unasaji wa amplifaya" unaeleweka bila maelezo, na unaonya pia. Kilichonaswa, kwa kawaida, ni amplifaya ikiwa katika mkao mmoja wa nobu zake. Ukitaka trebo ya pale ilipopandishwa kidogo, huna budi kutafuta unasaji mwingine, au kutumia trebo ya programu, ambayo haifanyi kazi kama ile ya kwenye saketi. Anayetaka sauti moja tu kwa maisha yake yote hatajuta; anayependa kuzungusha nobu ni heri abaki na uigizaji.

Jina la pili lina hila zaidi. Sauti isiyokwaruza tunaiita safi, na vijana wa studio huiita klini. Mtu akiambiwa safi, hutarajia umeme ulioingia utoke vile vile, mkubwa zaidi tu. Sasa chomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta bila programu yoyote, usikilize. Hiyo ndiyo safi ya kweli kabisa, na karibu hakuna anayeipenda.

Deluxe Reverb ya Fender, ya mwaka 1963, yenye wati 22 na spika moja ya inchi 12, inatajwa kila mahali kama kipimo cha sauti safi. Umeme unaopita humo hauachwi salama. Vali za mwanzo huongeza sauti kidogo za juu, zile zinazotetema mara mbili au tatu ya noti yenyewe, kwa kiasi ambacho sikio halikiiti mkwaruzo bali unene. Ukichapa noti kwa nguvu, vali mbili za mwisho huvuta umeme mwingi, nao umeme wa ndani hunywea kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha hurudi. Kwa sababu hiyo mchapo wa mwanzo hulainika na mkia wa noti huonekana kuchanua. Transfoma ya kutolea sauti ina mchango wake. Spika nayo huandikwa ukinzani fulani, omu 8 kwa mfano, ilhali ukinzani huo hupanda na kushuka kadiri noti inavyobadilika, na vali huhisi mabadiliko hayo na kuyajibu. Modeli, yaani zile hesabu zinazoigiza amplifaya moja, iliyoondolewa haya yote kwa jina la usafi ndiyo inayotoa sauti wanayoilalamikia wapigaji.

Ipo amplifaya moja inayostahili kuitwa safi bila mabano. Roland JC-120 ya mwaka 1975 ni ya transista tupu, haina vali hata moja, na huongeza nguvu bila kugusa mengine hadi inapofika kikomo. Kuiigiza si kazi kubwa kihesabu. Nyingine zote ningeziandikia "sauti isiyokwaruza", kwa kuwa neno hilo linataja tu kile ambacho sikio halikisikii na haliahidi chochote kuhusu kilichotokea ndani. Jukwaani semeni klini, sina ugomvi.

Maana ikikaa hivyo, marekebisho yenyewe huanza kueleweka. La kwanza ni kuingia. Sumaku za gitaa hutaka tundu lenye ukinzani wa megaomu 1 hivi, kama la amplifaya za Fender. Ukitumia tundu lililokusudiwa kinanda, trebo imekwisha kufa kabla hujafungua programu. Halafu kiwango. Mafundi wa kurekodi wamezoea kupandisha kiwango hadi taa ikaribie wekundu. Modeli haijui ulichopandisha. Inachoona ni gitaa lenye nguvu kuliko lako, na vali zake za hesabu huanza kukwaruza mapema, nawe unadhani modeli ni mbovu. Baadhi ya watengenezaji sasa huandika ni kiwango gani modeli yao inakitarajia. Kisome.

Kosa linalonikera zaidi ni la nobu ya sauti. Mpigaji anataka klini, basi anaishusha nobu ya modeli hadi 2, kisha anashangaa kwa nini sauti inakata kama wembe. Jibu liko kwenye mchoro wa saketi. Katika njia ya vibrato ya Deluxe Reverb kuna kapasita ndogo ya pikofaradi 47 iliyoungwa kwenye nobu ya sauti. Nobu ikiwa chini, kapasita hupenyeza trebo na kuiacha besi nyuma. Nobu ikipanda, athari yake hupungua. Waigizaji waaminifu wameigiza na hilo. Basi pandisha nobu hadi 4 au 5, kisha punguza sauti kwenye gitaa lenyewe mpaka mkwaruzo uondoke. Utapata klini yenye mwili, na kwa nguvu ya vidole utaweza kuisukuma hadi ukingoni mwa mkwaruzo na kuirudisha. Hapo ndipo mwigizaji anapoonekana anajua kazi.

Baada ya amplifaya kuna spika, na kwa sauti isiyokwaruza naipa uzito kuliko amplifaya. Karatasi ya spika ya gitaa hukata sana sauti zilizo juu ya kilohezi 5 hivi, na bila mkato huo gitaa linachoma. Spika pamoja na maikrofoni iliyo mbele yake huwakilishwa na faili moja fupi. Wazo lake ni rahisi: piga kofi moja katika chumba kitupu, na kinachorudi kimebeba habari zote za chumba hicho. Faili hilo naliita "mwitikio wa mshindo". Kuitikia ni kazi ya kundi katika wimbo, na hapa spika ndiyo inayoitikia. Njia hii inafaa kwa spika kwa kuwa spika hujibu kwa uwiano, ukiongeza mara mbili nayo hutoa mara mbili, au karibu. Vali haina uwiano huo. Mshindo mmoja hauwezi kukueleza itafanya nini ukichapa kwa nguvu, ndiyo maana haiigizwi kwa faili la namna hii.

Watengenezaji wa spika wa Uingereza, Celestion, wenyewe huuza mafaili ya mwitikio. Kabla ya kununua mia, jaribu matatu: maikrofoni ikiwa katikati ya karatasi, ikiwa ukingoni, na nyingine ya utepe. Maikrofoni ya Shure SM57, ya tangu 1965, ikisogezwa kutoka katikati kwenda ukingoni sentimita chache tu, ukali hupungua kuliko nobu yoyote ya trebo itakavyoweza. Na ukumbuke kwamba katika faili la kawaida maikrofoni imebanwa kwenye spika, ilhali masikio yako yamezoea kusimama mita mbili kutoka hapo, kuta zikijibu. Ongeza chumba kidogo, mwangwi mfupi usiotambulika kama mwangwi, na hasa ukiwa na hedifoni utaona gitaa limepata mahali pa kusimama.

Marekebisho yafanywe kwa sauti kubwa ya kutosha. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza besi na trebo sauti ikiwa ndogo. Anayetengeneza klini chumbani saa sita usiku huongeza vyote viwili bila kujijua, na jukwaani gitaa lake hugeuka vumbi na radi.

Bendi ya dansi ina tatizo lake la ziada: magitaa matatu, yote klini, yote kwa pamoja. Modeli moja kwa yote ni kuyarundika mahali pamoja. Deluxe Reverb haina nobu ya midi, na kwa asili yake huacha bonde katikati ya sauti, kwa hiyo magitaa matatu ya aina hiyo yatagombania trebo huku katikati pamebaki patupu. Ningempa wa solo hiyo Deluxe. Wa ridhimu apewe Vox AC30, ambayo katikati yake imejaa, na apunguziwe besi ili gitaa la besi lipumue. Yule wa solo ya pili, anayejaza mianya kati yao, apewe JC-120 ikiwa na koras imezimwa, kwa kuwa noti zake ni fupi, na amplifaya isiyonywea humwezesha kuzikata pale pale anapotaka.