Mafunzo ya wazimamoto wa msituni (Marekani)

Mzimamoto wa msituni hushinda moto kichaa hasa kwa kuunyima cha kula. Ndiyo maana hufundishwa mapema kuchimba mkinga moto, ukanda unaokwanguliwa mpaka udongo mtupu uonekane. Chombo chake maarufu, Pulaski, ni shoka na jembe katika mpini mmoja. Kimepewa jina la Ed Pulaski, aliyewaokoa wengi wa watu wake katika moto wa Idaho mwaka 1910. Hujifunza pia maneno ya kazi: kichwa cha moto ni upande unaokimbia kwa kasi zaidi. “Eneo jeusi” limekwisha kuungua, na huweza kuwa kimbilio.

Kwa kazi nzito, mzimamoto hupimwa kwa kutembea maili 3 ndani ya dakika 45, bila kukimbia, akibeba takriban kilo 20.

Lakini nguvu peke yake haziokoi. Mann Gulch, Montana, mwaka 1949, watu 13 waliangamia moto ulipowafukuza mlimani. Amri 10 za usalama zilitungwa mwaka 1957 baada ya kuchunguza misiba kama huo. Mwaka 1991 mzimamoto Paul Gleason alizifupisha katika mambo manne: mwangalizi, mawasiliano, njia za kutorokea na mahali salama. Yote manne huhakikishwa kabla jembe halijagusa ardhi.