Sakafu ya Mbao na Mwanagenzi

Msomaji, uingiapo katika nyumba ya mtu hutazama kuta, dari, viti na picha. Ni nadra kutazama unapokanyaga. Leo nakuomba utazame chini. Nataka kukusimulia habari za sakafu ya mbao: jinsi kazi iliyokuwa ya mafundi wa wafalme ilivyofika mikononi mwa mwanagenzi ambaye hajapata kushika randa maishani mwake, na ni jambo gani katika kazi hiyo ambalo hakuna kiwanda kilichoweza kumfanyia.

Katika pwani yetu sakafu ya nyumba kubwa haikuwa ya mbao. Wajenzi wa Lamu walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga juu yake mawe ya matumbawe, kisha wakamwaga chokaa na kuipigapiga mpaka ikashikamana. Urefu wa boriti ndio uliokata shauri la upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba. Mti umo, ila umefichwa chini ya mawe. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, penye baridi kali na misitu ya mialoni na misonobari, watu walitaka mti wenyewe uwe juu, kwa kuwa jiwe hupokonya wayo joto lake.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mti ukatwapo haukomi kunywa. Hewa ikiwa na unyevu, ubao huunywa ukatanuka. Hewa ikikauka, ubao huutoa ukanywea. Nao hautanuki sawasawa pande zote: kwa urefu badiliko lake halifiki hata sehemu 1 katika 100, lakini kwa upana huweza kuzidi hilo mara nyingi. Chumba chenye mbao thelathini zilizolazwa bavu kwa bavu ni chumba chenye vitu thelathini vinavyosukumana majira ya unyevu na kuachana majira ya ukavu. Lishike neno hili, msomaji, maana karibu kila uvumbuzi nitakaoutaja ulikuwa jawabu lake.

Zamani mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenziwe shimoni, akipokea unga wa mbao machoni. Kazi hii ilijulikana sana hata katika nchi yetu. Kisha kila ubao ulipigwa randa kwa mkono, ukapigiliwa misumari, na nyufa zikafunguka wakati wa baridi moto ulipowashwa ndani.

Mwaka 1684, katika jumba la Versailles la Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, mbao zilianza kushika mahali pa marumaru. Marumaru ilikuwa na fahari, lakini ilitaka kuoshwa mara kwa mara, na maji yalipenya chini yakaozesha maboriti yaliyoibeba. Mafundi wakaunda miraba mikubwa ya mwaloni, kila mraba ukiwa na vipande vifupi vilivyosukwa kwa ulimi na tundu kama mkeka, na kuilaza mshazari. Kipande kifupi hutanuka kidogo, na kwa kuwa vipande vilielekea huku na huku, hapakuwa na upande mmoja uliosukumwa kwa nguvu zote. Ilikuwa hekima kubwa, lakini hekima ya ghali, maskini hakuipata.

Aliyeileta karibu na watu wa kawaida ni mashine. Tarehe 27 Desemba 1828 Mmarekani William Woodworth, wa mji wa Poughkeepsie katika jimbo la New York, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake: mashine ya kupiga randa ubao na kuukata ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili. Ulimi wa ubao huu huingia katika mfuo wa ubao ule, na ubao ukinywea ufa hauonekani wazi. Hati ile iliongezwa muda hata mwaka 1856, na waliokuwa nayo wakatoza ada kila aliyetaka kutumia mashine. Wenye viwanda wakapeleka malalamiko yao hata kwenye Bunge la Marekani. Sioni ajabu. Aliyemiliki ulimi na mfuo alikuwa kama amemiliki sakafu za nchi nzima.

Lakini mashine haikumaliza kazi. Mbao zilipokwisha kulazwa, mtu alipaswa kupiga magoti na kuzikwangua zote zilingane. Mchoraji wa Kifaransa Gustave Caillebotte aliichora kazi hiyo mwaka 1875: watu watatu vifua wazi katika chumba cha Paris, wamepiga magoti, maganda ya mbao yamejikunja kando yao, na chupa ya mvinyo imewekwa pembeni. Wakuu wa maonyesho rasmi waliikataa picha ile. Ikaonyeshwa mahali pengine mwaka uliofuata, na leo imo katika jumba la Orsay, Paris. Atakaye kujua ni jasho la nani lililookolewa na ubao uliokwisha kusuguliwa na kupakwa vanishi kiwandani, na aitazame.

Gustave wa Paris alichora taabu. Gustaf wa Uswidi aliitafutia dawa. Mwaka 1941 Gustaf Kähr, wa mji wa Nybro, alipata hati ya ubao wa matabaka. Tabaka la juu ni mti mgumu na mzuri; la chini yake limekatizwa, nyuzi zake zikielekea upande mwingine. Tabaka moja litakapo kutanuka, jingine hulizuia. Mwaloni, ambao hukua kwa miaka zaidi ya mia kabla ya kufaa, sasa uliweza kufunika vyumba vingi zaidi. Bei yake ni hii: tabaka likiwa jembamba, haliwezi kukwanguliwa na kufanywa upya mara nyingi kama ubao mzima wa kale.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi wa Marekani na Ulaya walijenga nyumba ndogo, na ujira wa mafundi ulikuwa mkubwa. Keekee ya umeme ya mtu wa nyumbani ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1946, na kufanya kazi kwa mkono wako ukawa mtindo. Hatimaye mwaka 1996 kampuni ya Välinge ya Uswidi, na mwaka 1997 kampuni ya Unilin ya Ubelgiji, zilitoa kiungo kinachojifunga chenyewe, kwanza kwa mbao za kuiga na baadaye kwa mti halisi. Huinamisha ubao, ukausukuma, ukaulaza. Hakuna gundi wala msumari.

Basi ujuzi wa miaka mia tatu umetiwa ndani ya ubao, nami niliamini kuwa sina haja ya fundi. Nilinunua mbao, nikafungua maboksi siku ile ile, nikazitandika chumbani mwangu Mombasa zikigusa kuta pande zote nne, maana niliona nafasi ukutani ni alama ya kazi mbovu. Zilipendeza. Masika ilipoingia, sakafu iliinuka katikati kama mgongo wa ngamia, na mlango ukakataa kufunguka.

Nikamwita fundi mzee. Hakupima kitu. Aliweka mguu mahali palipoinuka, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mbao hizi zitapumulia wapi?"

Nikaona haya. Akanieleza niliyopaswa kuyafanya: kuziacha mbao chumbani siku kadhaa zizoee hewa, kubandika kipande cha nailoni juu ya saruji usiku kucha na kuangalia kama kitatoa jasho, kunyosha safu ya kwanza kwa uzi, kwa kuwa ukuta ni nadra kunyoka, kupishanisha viungo vya safu na safu, na kutia kabari ukutani ili ibaki nafasi ya milimita 10 hivi pande zote. Nafasi hiyo hufunikwa na ubao mwembamba wa chini ya ukuta, wala mgeni haioni.

Hakutaka kung'oa sakafu yote. Alibandua ubao wa ukutani, akakata kingo za mbao za mwisho pande mbili, akakusanya vyombo vyake na kunywa chai. "Mzee, na pale katikati?" nikamwuliza. Akasema niache. Kwa siku mbili nilisikia mbao zikilia usiku, na siku ya tatu mlango ukafunguka.